Vazi la Manjano, Heri Kuu: Uchambuzi wa Kisa cha Kun Kugeuka Bi

Kisa na chanzo chake

Kisa hiki kilitokea mwaka 530 KK katika dola ndogo ya Lu, mashariki mwa China, eneo ambalo leo limo katika mkoa wa Shandong. Kimehifadhiwa katika Zuozhuan, kumbukumbu ndefu ya mambo ya dola za kale ambayo wanazuoni wengi huiweka karne ya 4 KK. Humo mna visa kadhaa vya kupiga ramli kwa Yijing, Kitabu cha Mabadiliko, lakini hiki kina faida ya pekee kwa anayejifunza. Watu wawili wanatazama mstari mmoja unaogeuka, maneno ni yale yale, na kila mmoja anaondoka na jibu lake. Baada ya hapo tunaelezwa mambo yalivyokwenda kwa miaka miwili iliyofuata.

Majina ya wahusika na ya mji wao yameondolewa. Wanaitwa kwa nafasi zao: Bwana, Msimamizi, Mshirika, Mshauri na Mtawala. Jina la mji, likiandikwa kwa herufi zetu, linafanana kabisa na jina la heksagramu (umbo la mistari sita la Yijing) iliyotokea, na lingemchanganya msomaji bure. Tena nafasi ya kila mtu ndiyo kiini cha usomaji, kuliko jina lake.

Usuli: nani alitaka nini

Lu ilikuwa na Mtawala, lakini nguvu zilikuwa mikononi mwa koo tatu kubwa. Mwaka 537 KK jeshi la dola liligawanywa mafungu manne. Ukoo wenye nguvu kuliko yote ulichukua mawili, koo nyingine mbili zikachukua moja moja, na Mtawala akabaki akipokea kile walichoona kinafaa kumpelekea. Kiongozi mpya wa ukoo huo mkubwa ndiye Bwana.

Bwana aliposhika cheo hakumpa heshima Msimamizi, mtumishi wa nyumba yake aliyekabidhiwa mji wenye ngome. Mji huo ndio uliokuwa mgongo wa ukoo. Msimamizi aliumia, akamwendea Mshirika, mtu wa damu ya kitawala, akiwa na mpango tayari: Bwana afukuzwe, mali ya ukoo irudishwe kwa Mtawala, Mshirika akalie kiti cha Bwana, na Msimamizi mwenyewe abaki na mji akiwa mtumishi wa Mtawala moja kwa moja. Mshirika akakubali.

Mpango huu una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Mmoja ni kinyongo cha mtumishi aliyedharauliwa. Wa pili ni hoja yenye uzito, kwamba mali ya dola irudi kwa mwenye dola. Msimamizi aliutazama ule wa pili tu kila alipojieleza, na hilo ndilo lililoharibu usomaji wake.

Heksagramu inavyopatikana na inavyogeuka

Anayeijua ramli ya pwani amezoea maumbo 16, kila moja safu nne za nukta moja au mbili. Yijing ina maumbo 64, kila moja likiwa na mistari sita, na kila mstari ni mzima (yang) au umekatika katikati (yin). Jambo la kushika ni kwamba mstari unaweza kutokea ukiwa mchanga, ukabaki ulivyo, au ukatokea mzee, ukiwa umefika kikomo chake na kugeuka kuwa kinyume. Kwa hiyo ramli moja inaweza kutoa heksagramu mbili: iliyopatikana, na inayotokea baada ya mistari mizee kugeuka.

Zuozhuan haielezi vijiti vilihesabiwaje. Utaratibu tunaoutumia unatokana na Xici, moja ya sehemu za ufafanuzi ndani ya Yijing, na ulipangwa vizuri na mwanazuoni Zhu Xi (1130–1200). Unachukua vijiti 50 vya mmea uitwao shi. Kimoja unakiweka kando na hakitumiki tena. Vile 49 unavigawa kwa mkono mafungu mawili bila kuhesabu. Kutoka fungu la kulia unatoa kijiti kimoja na kukibana kati ya kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto. Kisha unahesabu fungu la kushoto kwa nne nne na kutoa kinachobaki, halafu la kulia vivyo hivyo. Ikiwa fungu linagawanyika sawasawa, unatoa vinne. Kamwe hutoi sifuri. Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa hilo hujionyesha baadaye kwa sababu hesabu haitoki.

Mara ya kwanza jumla ya vilivyotolewa lazima iwe 5 au 9. Ukipata namba nyingine, rudia. Vilivyobaki unavichanganya na kugawa tena. Mara ya pili na ya tatu hutoka 4 au 8. Baada ya mara tatu mkononi hubaki vijiti 36, 32, 28 au 24. Gawa kwa nne: 9 ni yang mzee anayegeuka, 8 ni yin mchanga, 7 ni yang mchanga, 6 ni yin mzee anayegeuka. Huo ni mstari mmoja. Heksagramu nzima inadai migawanyo 18.

Kun ina mistari sita yote iliyokatika. Ili Kun igeuke kuwa Bi, mistari mitano lazima itoke 8, na wa tano kutoka chini utoke 6. Maana yake, kwa mstari huo wa tano vijiti vilivyotolewa vilikuwa 9, kisha 8, kisha 8, jumla 25, vikabaki 24. Kwa utaratibu huu 6 ndiyo namba adimu kuliko zote: nafasi yake ni 1 kati ya 16, ilhali 8 hutoka mara 7 kati ya 16. Anayetumia sarafu tatu, njia iliyokuja baadaye, hupata 6 mara 1 kati ya 8. Kwa hiyo asichukulie kwamba njia hizo mbili zina uzito uleule.

Mistari hujengwa kutoka chini kwenda juu. Ukiiandika kutoka juu kwenda chini kwa mazoea ya kuandika barua, mstari wa tano unakuwa wa pili. Heksagramu ya pili haitakuwa Bi, yaani ukaribu, bali Shi, yaani jeshi, na maneno utakayosoma yatakuwa ya mstari wa pili wa Kun: nyoofu, mraba, kubwa. Kwa mtu anayefikiria uasi, kuletewa heksagramu ya jeshi kwa kosa la mkono ni hatari ya kweli.

Ni maneno yapi yasomwe? Kanuni za Zhu Xi zinatofautiana kulingana na idadi ya mistari inayogeuka. Ukigeuka mmoja, jambo ambalo hutokea karibu asilimia 36 ya ramli zote, unasoma maneno ya mstari huo katika heksagramu ya kwanza. Kisa chetu kiko hapo, na ndiyo hali iliyo wazi kuliko zote.

Mfululizo wa matukio

Mshirika alimweleza Mtawala juu ya mpango, kisha akasafiri kwenda dola kubwa ya Jin. Msimamizi alibaki na mji na siri.

Siri yenyewe haikukaa. Mtu wa kwao aliyekuwa ameng'amua alipita mbele yake akihema kwa huzuni, akasema maneno ambayo ukiyafupisha yanakuja hivi: fikra zimezama lakini mpango ni wa juujuu, mtu yuko karibu lakini nia yake iko mbali, ni mtumishi wa nyumba, na anapanga mambo ya mtawala.

Ndipo Msimamizi akapiga ramli. Neno lililotumiwa na Zuozhuan lilifafanuliwa na Du Yu, mwanazuoni wa karne ya 3 BK, kuwa ni kupiga ramli bila kutaja jambo lenyewe, kuuliza heri au shari kwa jumla tu. Ikatoka Kun kwenda Bi. Maneno ya mstari wa tano wa Kun ni manne tu kwa Kichina: vazi la chini la manjano, heri kuu. Msimamizi akaona ni heri tupu.

Akaupeleka usomaji kwa Mshauri, mtu wa tabaka la juu aliyejifunza Yijing, na swali lake lilikuwa: nikitaka kufanya jambo, itakuwaje? Hapa pia hakutaja jambo. Mshauri alimjibu kwa kirefu, na akamuuliza waziwazi ni jambo gani. Zuozhuan haina jibu lolote la Msimamizi.

Baadaye, alipokuwa akijiandaa kwenda kwenye mji ule wa ngome, aliwafanyia watu wa kwao karamu ya kinywaji. Mmoja wao akaimba juu ya shamba la mboga lililoota mti usio wa hapo, na juu ya anayewageuka majirani zake kuwa ana aibu, akamalizia kwa kusema kwamba huyo si mwenzetu. Kwa karamu iliyoandaliwa ili kujenga umoja, ilikuwa ishara mbaya, tena iliyotolewa hadharani.

Msimamizi akaogopa kwamba mpango utavunjika, akaasi na mji na kuupeleka upande wa Qi, dola jirani. Mshirika alikuwa njiani akirudi. Alipokaribia Lu akasikia kwamba mji umeasi, naye akakimbilia Qi.

Alichokisoma Msimamizi

Usomaji wa Msimamizi ulikuwa wa hatua moja: kutafuta neno la hukumu. Yijing ina maneno ya picha, kama "vazi la chini la manjano", na maneno ya hukumu, kama heri, balaa, majuto, au hakuna lawama. "Heri kuu" ni miongoni mwa hukumu bora kabisa katika kitabu chote. Akaishika hiyo, akaiacha picha.

Mstari wa tano katika mpangilio wa Yijing ni mahali pa juu, pale wafafanuzi wa baadaye wanapopaita mahali pa mfalme. Mtu anayepanga kupanda akiona mstari wa mahali hapo ukimwambia heri kuu, ni rahisi ajione yeye ndiye anayekaribishwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini picha iliyopo mahali hapo pa juu ni ya vazi la kiunoni, lile linalofunika nusu ya chini ya mwili. Mstari uko juu, na unasifu kilicho chini.

Alichokisoma Mshauri

Mshauri alianza kwa sharti: ikiwa ni jambo la uaminifu na ukweli, linafaa, kama sivyo, hakika litashindwa. Kisha akaeleza kwa nini, na maelezo yake ni ya kiufundi hasa.

Kwanza alitazama heksagramu ya pili. Kila heksagramu ni trigramu mbili, yaani nusu mbili za mistari mitatu. Katika Bi, trigramu ya nje (ile ya juu) ni Kan, maji, yenye sifa ya hatari na ugumu. Ya ndani (ile ya chini) ni Kun, ardhi, yenye upole na utii. Nguvu nje, upole ndani: hiyo ndiyo sura ya uaminifu. Hivyo hakuichukua Bi kuwa picha ya siku za mbele, kama wengi wanavyofanya leo kwa kusema ya kwanza ni sasa na ya pili ni kesho. Aliitumia kueleza ni tabia gani ambayo mstari wa tano unaisifu. Tukumbuke pia kwamba katika Zuozhuan msemo "Kun kwenda Bi" ni njia ya kutaja mstari. Majina ya "sita mahali pa tano" na "tisa mahali pa kwanza" tunayoyaona katika nakala za Yijing hayatumiki katika visa vile.

Pili aliichambua picha yenyewe neno kwa neno. Manjano ni rangi ya katikati. Vazi la chini ni pambo la walio chini. Neno lililotafsiriwa "kuu" ni kichwa cha mema. Kila neno likawa sharti. Kama yaliyomo moyoni si ya uaminifu, mtu hana haki ya rangi hiyo. Kama aliye chini hana adabu, hana haki ya pambo hilo. Kama jambo lenyewe si jema, halifikii hilo kuu. Likikosekana moja kati ya matatu, maneno hayamhusu aliyeuliza.

Tatu alitoa kanuni ambayo wasomaji wa Yijing wameinukuu mara nyingi tangu hapo: Mabadiliko hayafai kupigiwa ramli mambo ya hatari, na neno la Kichina la hatari lililotumika ni lile lile wanalolitumia kuielezea trigramu Kan. Akamaliza kwa kusema kwamba yakitimia yote matatu ramli inaweza kukubaliwa. Likipungua moja, hata kama ramli imetoka ya heri, bado haifai.

Kwa hiyo hakubadilisha hukumu. Hakusema heri ni shari. Alichosema ni kwamba heri ile ina mwenyewe, na akaeleza sura ya mwenyewe huyo ili aliyeuliza ajipime.

Matokeo

Mwaka 529 KK jeshi la Lu liliuzingira mji na kushindwa kuuchukua. Bwana alikasirika, akaamuru kila mtu wa mji ule atakayeonekana akamatwe. Mtu mmoja akamshauri afanye kinyume: mwenye baridi avikwe, mwenye njaa alishwe, waliopungukiwa wapewe, nao watarudi kama wanaorudi kwao, ukiwatisha, hawatakuwa na pa kwenda ila kwa muasi. Bwana akasikia. Watu wa mji wakaanza kumwacha Msimamizi.

Mwaka 528 KK wawili kati ya wakuu wa mji, baada ya kujisingizia ugonjwa ili kupata muda, waliwakusanya watu na kumkabili. Walimwambia kwamba hawajamsahau bwana wao, na kwamba kwa miaka mitatu walimtii kwa kuogopa tu, na sasa hawawezi tena. Akaomba siku tano, kisha akakimbilia Qi. Mji ukarudi Lu.

Huko Qi, kwenye kinywaji, mtawala wa Qi alimwita muasi. Akajibu kwamba alitaka tu kuiimarisha nyumba ya Mtawala. Afisa mmoja akasema palepale kwamba mtumishi wa nyumba anayetaka kuiimarisha nyumba ya Mtawala, hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Uchambuzi: swali lisilo na jambo

Kosa la kwanza lilitangulia vijiti. Ramli iliyopigwa bila kutaja jambo inatoa jibu ambalo halina cha kushikamana nacho, na aliyeuliza anabaki huru kulibandika popote. Maneno "vazi la chini la manjano" yanamfaa mtumishi anayefikiria kustahimili dharau kwa heshima. Yanamfaa pia mtu anayefikiria kuacha kazi kwa adabu. Msimamizi aliyabandika kwenye uasi, na hakuna kitu ndani ya utaratibu wake kilichoweza kumzuia, kwa kuwa neno "uasi" halikuwamo katika swali.

Alipofika kwa Mshauri alirudia kosa lile lile kwa mdomo. Hilo nadhani ni zito zaidi, kwa sababu hapo palikuwa na mtu wa kumsaidia. Kuficha jambo mbele ya msomaji mzuri ni kumnyang'anya kifaa chake cha kwanza.

Uchambuzi: sharti lililoacha mwanya

Usomaji wa Mshauri ni mzuri sana kama usomaji wa maandishi. Kama ushauri kwa mtu yule, ulikuwa na mwanya. Sharti la kwanza lilikuwa uaminifu, lakini hakusema uaminifu kwa nani. Jibu la Msimamizi kule Qi linaonyesha kwamba yeye mwenyewe alijiona mwaminifu: mwaminifu kwa Mtawala. Mtu wa namna hiyo akisikia "kama ni jambo la uaminifu, linafaa", anaweza kuondoka akiwa ametulia kabisa.

Jawabu lilikuwamo ndani ya mstari, katika neno lile la vazi la chini, na Mshauri aliligusa bila kulisukuma hadi mwisho. Pambo la aliye chini linamhusu mtu katika nafasi yake halisi. Nafasi halisi ya Msimamizi ilikuwa mtumishi wa Bwana, aliyekabidhiwa ngome na Bwana. Kati yake na Mtawala kulikuwa na ngazi, na aliivuka. Mtu wa kwao aliyepita akihema aliliona hilo bila ramli, na afisa wa Qi alilisema kwa sentensi moja. Mshauri angeuliza "Unamtumikia nani leo, na jambo hili litamfanyia nini huyo?", sharti la pili lingefunga mwanya wa la kwanza.

Maneno ya heksagramu nzima ya Kun yangesaidia hapa, ingawa kanuni ya mstari mmoja haiyadai. Yanasifu uthabiti wa farasi jike, na yanasema kwamba anayetangulia hupotea, anayefuata humpata bwana. Ninapendelea kusoma maneno ya heksagramu kwanza hata pale mstari mmoja unapogeuka, kwa kuwa yanaonyesha mstari umekaa katika nyumba ya aina gani. Heri kuu ndani ya Kun ni heri ya anayefuata, na Msimamizi alikuwa anajiandaa kutangulia.

Uchambuzi: kilichofaa

Mshauri alifanya mambo mawili ambayo msomaji wa leo anaweza kuyaiga moja kwa moja. Alitenganisha picha na hukumu, akaipa picha kazi ya kuieleza hukumu. Na aliuliza jambo ni lipi, hata kama hakujibiwa.

Dola hiyo hiyo ina kisa kingine cha miaka 34 kabla, mwaka 564 KK, kinachoonyesha kwamba njia hii haikuwa ya Mshauri peke yake. Mjane wa mtawala, aliyekuwa amezuiliwa katika jumba la mashariki, alipigiwa ramli ikatoka Gen kwenda Sui. Mpiga ramli akamwambia Sui ni kutoka, atatoka upesi. Mjane akakataa. Maneno ya Sui yanataja sifa nne kabla ya kusema hakuna lawama. Yeye alijua hana hata moja, akasema atafia pale, na ndivyo ilivyokuwa. Hapo mistari mitano iligeuka, wa pili tu ukabaki, na wote wawili walijadili maneno ya heksagramu ya Sui. Kwa kanuni ya Zhu Xi walipaswa kusoma mstari usiogeuka wa Sui, na Zhu Xi mwenyewe alimlaumu mpiga ramli kwa hilo. Inaonyesha kwamba kanuni za kuchagua maneno zilipangwa baadaye sana, lakini desturi ya kumpima muulizaji kwa masharti ya maneno ilikuwapo tayari.

Tusikitumie kisa hiki kama ushahidi kwamba vijiti vilijua yajayo. Zuozhuan iliandikwa na watu waliojua mwisho wa uasi, na walihifadhi ramli zilizokuwa na funzo. Ukilitazama anguko lenyewe, lilitokana na mambo ya kawaida: mshirika aliyekuwa safarini, siri iliyovuja, watu wa mji wasiokuwa upande wake, na adui aliyejua kubadilisha mbinu kutoka kamba hadi chakula. Thamani ya kisa iko katika namna ya kusoma.

Ambavyo ramli ile ingeshughulikiwa

Swali lingeandikwa kwanza, kwa sentensi yenye mtendaji, tendo na anayetendewa: "Mimi, msimamizi wa mji wa Bwana, nikiuchukua mji na kumfukuza Bwana ili mali irudi kwa Mtawala, itakuwaje?" Kwa maoni yangu, kuliandika hivyo tu kungetosha kumfanya aone neno "wa Bwana" limekaa wapi.

Baada ya vijiti, mistari sita ingeandikwa kutoka chini na namba zake kando: 8, 8, 8, 8, 6, 8. Yangesomwa maneno ya Kun yote, kisha ya mstari wa tano, picha kabla ya hukumu. Kila neno la picha lingegeuzwa kuwa swali kwa muulizaji: katikati yako kuna nini, uko chini ya nani, jambo lenyewe ni jema kwa nani. Majibu yangeandikwa pembeni, kwa kuwa mtu huona haya kujidanganya kwa maandishi kuliko kwa mdomo.

Mwisho ingetazamwa Bi, na hapa kuna kitu ambacho Mshauri hakukigusa. Mstari wa tano wa Bi, ule uliotokea baada ya kugeuka, unasema juu ya ukaribu ulio wazi: mfalme huwinda akizuia pande tatu tu, humwacha mnyama wa mbele aende zake, na watu wa mji hawahitaji kuonywa. Heri. Kusoma mstari uliozaliwa ni desturi ya baadaye, na mimi naipa nafasi ya pili tu, baada ya mstari wa kwanza kueleweka. Lakini kwa mtu anayeshika ngome, swali lake liko pale waziwazi: je, watu wa mji wako pamoja nawe bila kutishwa? Msimamizi angeweza kuanza kulijibu kwenye karamu ya watu wa kwao, wimbo ulipoanza.